Santuri za Marehemu na Sindano Isiyofutwa

Jumatatu, 3 Machi

Kasha la santuri mpya limefika. Juu yake jina la mke wangu, herufi kubwa. Miezi minne tangu tumzike, na mleta vifurushi bado anasema nimpe salamu. Nikamwambia zitafika.

Yeye ndiye aliyeandika maoni ya santuri kwenye jarida la maktaba. Maoni yakikoma, kasha nalo litakoma, na jina lake halitafika tena mlangoni. Hilo halikubaliki! Mpango: nitaandika mimi, niweke jina lake. Mhariri atajuaje?

Jumatano, 5 Machi

Nimeanza na santuri ya watawa wa kale. Sala tupu, hakuna hata ngoma. Wanaimba kama watu waliopoteza ufunguo lakini hawana haraka ya kuingia ndani. Nimeandika: "Tamu sana." Nikasoma tena. Nikaongeza "sana" ya pili.

Shemeji, mdogo wake marehemu, alipita kuchukua sufuria. Akasoma nilichoandika, akacheka hadi akakaa chini. Eti mimi huyu, ambaye hata kwenye kwaya ya harusi yangu mwenyewe niliombwa nifungue mdomo tu, sauti nibaki nayo! Nikamwambia mwenye wivu ajinyonge. Akaondoka na sufuria zangu mbili.

Ijumaa, 7 Machi

Leo mtunzi aliye hai. Kwenye picha ana uso wa mtu anayeumwa jino. Fidla moja, noti nne. Halafu noti zilezile nne. Halafu tena! Dakika hamsini nimekaa wima kama mgeni, chai ikapoa. Nimeandika kwamba mtunzi huyu ana subira ya ajabu, na anayemsikiliza hupata thawabu.

Marehemu alikuwa akifuta sindano ya gramafoni kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa kabla ya kila santuri. Uzi mmoja wa buluu umebaki pale. Mimi sifuti.

Jumanne, 11 Machi

Jarida limetoka. Jina lake limechapwa vizuri mno.

Mchana akaja Vidole, mpiga kinanda wa kanisani, aliyekuwa akibishana na marehemu kila Jumapili. Jarida mkononi, machozi ya kicheko mashavuni. Akaniuliza, ndugu yangu, dakika hamsini umezitoa wapi? Wimbo wenyewe una dakika tisa! Akainama, akaitazama sindano. Akasema ina uchafu, imekwama mahali pamoja, akavuta pumzi aupulize. Nikamziba mdomo kwa kiganja. Tukabaki hivyo, watu wazima wawili.

Nilipomwachia hakucheka tena. Akasema kwa upole kwamba Mhariri anajua. Anajuaje? Akasema Mhariri alikuwapo mazishini, safu ya pili, na alinishika mkono. Kumbe yule! Mimi nilidhani ni mtu wa mochwari. Nilimwambia ahsante kwa kazi nzuri.

Alhamisi, 27 Machi

Barua ya Mhariri. Maneno mazuri. Anasema barua za wasomaji ni nyingi kuliko mwaka mzima uliopita. Wote wanaitafuta ile fidla ya dakika hamsini. Niendelee, ila kwa jina langu. Kasha nalo litaandikwa jina langu.

Sikula.

Jumatatu, 7 Aprili

Kasha limefika. Jina langu. Linaonekana kama la mdaiwa.

Ila mjinga si mimi! Karatasi ya kasha la zamani, yenye jina la mke wangu, nilikuwa nimeibandua kwa mvuke wa birika. Nimeigundisha juu ya jina langu, nikaliweka kasha nje, nikafunga mlango. Nikagonga kutoka ndani. Nikafungua. Mzigo wa mke wangu! Shemeji alikuwa amesimama pale na sufuria zangu, ameona yote. Akalibeba kasha akaliingiza ndani.

Tumesikiliza kinubi pamoja. Sindano sikuifuta. Dakika arobaini, noti tatu. Nimeandika: "Mtunzi huyu naye ana subira ya ajabu." Jina nimeweka la marehemu.

Mhariri atajuaje?