Ombi la Combe-Grise Kutambuliwa Kuwa Nchi Iliyoachwa Nyuma na Mtandao

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Mazungumzo ya Biashara ya Mtandaoni,
Geneva.

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na itakukuta kabla ya Ijumaa. Ijumaa ndiyo mwisho wa kujaza fomu ya kusafirisha jibini yangu, mabonge arobaini ya duara kama magurudumu, kwa mnunuzi wa Oslo ambaye hatangoja. Fomu iko mtandaoni. Mimi niko kijijini Combe-Grise, mwendo wa saa moja na nusu kupanda kutoka ofisini kwako, na mtandao haujafika. Malalamiko yangu ni haya:

1. Niliomba fomu ya karatasi. Karani wa forodha akanijibu kwa simu ya waya: "Mama, karatasi tuliziacha zamani. Kama una lalamiko, liandike kwenye tovuti."

2. Mtandao hushika mahali pamoja tu, juu ya mnara wa kanisa, penye jogoo wa bati anayeonyesha upepo. Nimepanda mara tatu, nimefika ukurasa wa pili tu wa fomu. Jirani yangu Aimé Chablaix husimama chini akipiga kelele: "Ghislaine! Umemnyang'anya kazi yule jogoo wa bati? Basi tuambie upepo unatoka wapi!"

3. Kila Jumapili wajumbe wako huja kwangu kula jibini ya moto ya kuchovya mkate, huku wakivisikitikia vijiji vya mbali visivyo na mtandao. Mmoja aliniomba neno la siri. Nilipomwambia hakuna mtandao, alicheka: "Acha utani, mama, hii si Uswisi?" Kisha akaongeza mkate.

4. Kwa kuwa sheria zenu huzipa nchi nyonge muda wa ziada, naomba tutambuliwe kuwa nchi iliyoachwa nyuma: watu themanini na sita, ng'ombe mia mbili. Tupewe miaka kumi na miwili ya kujiandaa, na wataalamu wa kutufundisha. Waje na viatu vya matope.

5. Mkikataa, tutatoza ushuru kila ujumbe wa mtandaoni unaopita juu ya malisho yetu bila kusimama. Chablaix ameshapaka rangi kizuizi.

Wasalimie wajumbe wote, hasa yule wa mkate. Meza yake ya dirishani ipo.

Ni mimi, ninayengoja kwa adabu,
Ghislaine Jaquerod,
mtengeneza jibini

N.B. Mtu akipekua kumbukumbu za kijiji ataona kwamba miaka sita iliyopita tuliletewa mnara wa simu, bure, tukaukataa kwa kunyoosha mikono, hamsini na wawili kwa watatu. Ni kweli. Aliyepita nyumba hadi nyumba kuupinga ni mimi: ungesimama mbele ya dirisha lile lile, ukaziba milima. Mwezi ujao tunapiga kura tena, na nimeshaanza kuzunguka kuupinga. Kwa hiyo, Mheshimiwa, ile fomu ya karatasi tu ingetosha.