Injinia wa Rangi Nyekundu

Habari njema za serikali zina wasikilizaji wa aina mbili: wanaofurahi, na wanaopiga hesabu ya ulaji. Siku redio ya kinyozi ilipotangaza kwamba mtaa wa nyuma ya stesheni utajengewa barabara ya lami, mifereji na taa, wateja wote walishangilia, na kinyozi naye akashangilia, wembe ungali mkononi. Injinia peke yake alibaki kimya kwenye kiti, povu limejaa kidevuni, macho yamemtoka.

"Mbona kama umepigwa shoti?" kinyozi akamuuliza.

"Nawaza maendeleo ya wananchi," Injinia akajibu.

Hakuwa anadanganya moja kwa moja. Alikuwa anawaza kwamba mtaa ukishawekwa taa, nyumba ambayo leo hakuna anayeitaka itagombewa na wenye magari marefu, na wananchi waliomo watapandishiwa kodi mpaka wahame wenyewe bila hata kufukuzwa. Palihitajika mtu mmoja tu wa kununua kwa bei ya matope na kuuza kwa bei ya lami. Mtu huyo alikuwa amekaa pale pale, ananyolewa kwa mkopo.

Uinjinia wake hakuusomea popote. Aliupata siku alipookota kofia ngumu ya njano iliyodondoka kutoka kwenye lori la mafundi wa barabara. Aliivaa kwa ajili ya jua, watu wakaanza kumwamkia na kumpisha njia, naye akaona haya kuwakatalia. Baadaye akaongeza kizibao chenye mistari inayong'aa, na tangu hapo hapakuwa na lango lililomshinda. Katika kazi alikuwa na msimamo mmoja, akiuheshimu kuliko wengine wanavyoheshimu ndoa zao: hakuna kuandikishana, hakuna shahidi. Jamaa aliyemfundisha kazi alikuwa anapenda sana kutoa stakabadhi, na sasa alikuwa anafyeka majani kwenye bustani ya gereza.

Safari ya kwanza ilikuwa dukani kwa Tajiri wa Vigae, mtu ambaye hakuwahi kuona kiwanja cha mwenzake bila kuumwa na tumbo.

"Nyumba ya kona," Injinia akamnong'oneza. "Vyumba sita, na barabara itapita mlangoni."

"Hiyo naivunja napandisha ghorofa," Tajiri akasema huku anasugua viganja. "Chini mgahawa wa kahawa, juu wapangaji wenye kazi za maana. Lakini hao waliomo?"

"Waliomo niachie mimi."

"Isije ikawa unaniuzia mbuzi kwenye gunia."

"Mzee wangu, mimi ni injinia," akasema Injinia kwa uchungu wa mtu aliyetukaniwa ukoo, kisha akaondoka na bahasha nene kifuani.

Safari ya pili ilikuwa mtaani kwenyewe, mchana kweupe, kofia kichwani na kopo la rangi nyekundu mkononi. Pale kwenye kona alimuuliza muuza mkaa, "Mwenye nyumba hii ni nani?"

"Mwenye Nyumba? Si yule pale barazani, na cherehani yake!"

Injinia akaridhika. Akachovya brashi, akachora X kubwa ukutani, na muuza mkaa, kwa heshima ya kofia ile, akamshikia kopo.

Cherehani ikanyamaza. Mwanamke wa makamo, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akasimama barazani.

"We kijana! Ukuta wangu umekukosea nini?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuuliza habari za ukuta."

"Ni mradi wa serikali, mama. Nyumba zenye alama hii zinapisha barabara. Tingatinga likija halibishi hodi."

"Na fidia?"

Injinia akatikisa kichwa polepole, kama daktari aliyeishiwa dawa. Wapangaji walikuwa wameshatoka vyumbani, mmoja na sufuria, mwingine na mswaki mdomoni. Mwenye Nyumba akaweka mikono kichwani.

"Wajukuu zangu nitawapeleka wapi?" akasema. "Mama yao alizaliwa humu, na jeneza lake likatokea mlango huu huu. Hao watoto hawana kwingine. Mimi sina kwingine."

Hakuwa anaigiza. Aliingia nyumba ile akiwa bibi harusi, na hakuna mahali pengine duniani alipojua kutembea gizani bila kujikwaa. Hata Injinia alihisi kitu kikimchoma kifuani, akasubiri kidogo mpaka kikapita.

"Mama, mimi nina moyo mwepesi," akamwambia pembeni. "Naweza kukununulia mimi mwenyewe, angalau upate cha kuanzia maisha. Ila iwe siri. Wakubwa wakijua, kazi sina."

Mwenye Nyumba akamtazama. Akaitazama kofia, akakitazama kizibao, akaishia kwenye suruali iliyonyooshwa vizuri.

"Mungu akuzidishie, mwanangu," akasema. "Njoo kesho jioni."

Kesho yake walikaa chumbani kwake, pazia limeshushwa, wajukuu wametumwa dukani. Injinia akatoa nusu ya fedha zilizokuwa kwenye bahasha. Nusu nyingine alikuwa ameshaitenga kwa ajili ya usumbufu, na usumbufu ulikuwa wake.

"Tumwite basi mwenyekiti wa mtaa atuandikishe," Mwenye Nyumba akasema.

"Mama! Maandishi yatatuponza."

"Basi hata jirani mmoja ashuhudie."

"Hata jirani, mama. Tuaminiane."

"Haya. Umesema mwenyewe." Akazipokea fedha kwa mikono miwili, akazitia kifuani. "Nipe wiki moja nijipange."

Wiki ile Injinia aliishi kama waziri. Alilipa deni la kinyozi, jambo lililomtisha kinyozi, na akanunua viatu vyenye ncha vilivyomfinya kwa heshima. Wiki ilipokwisha alimpigia Tajiri wa Vigae aje aone mali yake, naye akatangulia kuchukua funguo.

Hakukuta furushi hata moja nje. Cherehani ilikuwa inalia barazani kama kawaida, na mwenyekiti wa mtaa alikuwa kwenye benchi anakunywa chai, wapangaji wamemzunguka.

"Mama, mbona hujafunga vyombo?"

"Viende wapi, mwanangu? Mimi si ndiye mwenye nyumba?"

"Ulikuwa! Si umeniuzia?"

"Nikuuzie nini? Siku ile sikuwa na nyumba ya kumuuzia mtu. Nilikuwa mpangaji."

Injinia akacheka peke yake, kisha akaacha.

"Mpangaji vipi? Mtaa mzima unakuita Mwenye Nyumba!"

"Na wewe wanakuita Injinia."

Yule mwenye mswaki alipaliwa kwa kicheko, ikabidi apigwe mgongoni. Kumbe jina lile alipewa na wapangaji wenzake kwa sababu ya ukali wake juu ya zamu za kufagia uani na mabomba yanayoachwa wazi, na lilikuwa limemganda miaka mingi hata mwenyewe analiitikia. Mwenye nyumba halisi alikuwa Mzee wa Bucha, aliyekaa upande wa pili wa mji.

"Redio ilipotangaza tu," mama akaeleza huku anatunga uzi, "Mzee wa Bucha akatuma salamu kwamba kodi inapanda mara mbili, na asiyeweza apishe wenye uwezo. Nikawa sili, silali, nahesabu tu mabati ya dari. Ndipo ukaja wewe na kopo lako. Mzee akasikia nyumba yake ina X, kisu kikamdondoka. Nikamwambia niuzie mimi hivyo hivyo, likija tingatinga angalau ning'oe milango. Hakubishana hata kidogo."

"Kwa hela zangu!"

"Hela zipi?" mwenyekiti akauliza, anaweka kikombe chini. "Una karatasi? Una shahidi? Mama na Mzee wa Bucha waliandikishana mbele yangu, na watu watatu wakaweka sahihi."

Injinia akapapasa mifuko ya kizibao, kana kwamba karatasi ingejiandika humo.

"Lakini ulijuaje, mama?" akauliza mwishowe, kwa sauti ya mwanafunzi.

"Mtu anayetaka kununua nyumba inayobomolewa kesho, ama ni kichaa ama ni mwongo. Na wewe si kichaa. Suruali umeipiga pasi."

"Nitashtaki!"

"Karibu ofisini," mwenyekiti akasema kwa upole. "Sijui tutaanza na hiyo X au na hiyo kofia."

Simu ya Injinia ikaita mfukoni. Alikuwa Tajiri wa Vigae, yuko njiani. Akaiacha iite mpaka ikachoka. Alipogeuka aondoke, wapangaji walikuwa wamesogea na benchi lao mpaka langoni, na Mwenye Nyumba alikuwa amesimama mbele yake na kopo la rangi nyekundu.

"Ulilisahau. Ukuta umeniharibia, na mkono wako ni mzuri, ile X umeichora ikanyooka. Niandikie hapo juu yake, kwa herufi kubwa: NYUMBA HII HAIUZWI."

Akaandika. Angefanya nini? Aliandika vizuri hata muuza mkaa, aliyekuwa amelishika kopo tena, akamsifu. Alipomaliza herufi ya mwisho, gari refu lilikata kona, likasimama mbele ya mfereji. Tajiri wa Vigae akatoa kichwa dirishani, akausoma ukuta kwa sauti, akarudia tena, kisha akamsoma na mwandishi.

"Nani huyo?" Mwenye Nyumba akauliza.

"Ni... ni mnunuzi, mama."

"Basi ongeza mstari wa pili, usimsahau yeye, wala usijisahau. MATAPELI KAENI MBALI."

Injinia akachovya brashi. Nyuma yake mlango wa gari ukafunguliwa, zikasikika hatua za mtu mzito anayekuja bila salamu.

Mradi ulifika mtaani baada ya mvua. Taa ziliwaka, lami ikapita mlangoni, na vyumba vya nyumba ya kona vimebaki na kodi ile ile na watu wale wale, na ukali ule ule kuhusu mabomba. Kofia ya njano iliyoachwa langoni wanawekea maji ya kuku. Ukuta haujapakwa rangi nyingine mpaka leo. Unasomeka NYUMBA HII HAIUZWI, na chini yake MATAPELI KAENI MB, na baada ya hapo mstari mmoja mrefu mwekundu unaofuata ukuta mzima, unakata kona, na kupotelea upande wa stesheni.