Kongosho Langu na Suti ya Harusi

Jumatatu, 3 Juni
Daktari kasema tena: kongosho limechakaa, halitarudi kama zamani, ila nikilitunza tutaishi nalo. Sigara marufuku. Pombe hata ya kuonja, marufuku. Mafuta, kidogo sana. Vidonge vya kusaga chakula nimeze pamoja na kila mlo. Nikikaidi, Jumamosi binti yangu ataolewa mimi nikiwa wodini. Thubutu! Mkono wake nitaushika mimi kuingia ukumbini. Suti nashona mwenyewe. Fundi cherehani ni nani hapa?

Jumanne, 4 Juni
Nimejaribu suruali. Inashuka. Mke wangu kasema nakonda kwa sababu chakula kinapita tu bila kusagwa. Nikamjibu kitambaa kimelegea. Nimepunguza kiuno. Mdogo wake, shemeji yangu, kawekwa kunichunga. Kala kuku wa kukaanga mbele yangu huku analamba vidole! Mchokozi mkubwa.

Jumatano, 5 Juni
Nimepata mbinu! Asubuhi nimebugia vidonge vya kutwa nzima kwa mpigo, ili mafuta yakute kazi imeshafanyika. Mchana nikamtuma shemeji uzi mweusi. Kuku wake nikamfagia mzima. Ushindi!
Jioni: si ushindi. Tumbo linachoma hadi mgongoni. Mama yangu wee!

Alhamisi, 6 Juni
Wodini. Dripu. Daktari kasema vidonge si vocha ya simu, huwezi kuweka salio. Vinafanya kazi vikikutana na chakula. Tena si ruhusa ya kula mafuta. Shemeji kanishikia ndoo kutwa, wala hakunicheka. Binti kauliza taratibu kama mjomba wake amshike mkono badala yangu. Nimelia. Nimemwambia nitakuja hata kwa kutambaa.

Ijumaa, 7 Juni
Uji mwepesi, kidonge papo hapo. Nimetulia. Nimeruhusiwa. Nyumbani nimemkuta shemeji kavaa suti yangu, eti anaijaribu tu. Nimemvua.

Jumamosi, 8 Juni
Nimemshika mkono! Suruali ilishikwa na pini, lakini nani kajua? Binti kanibana vidole mpaka mbele. Nimekula samaki wa kuchemsha, kidonge na tonge la kwanza. Maumivu hakuna. Maana yake nimepona!
Shemeji kasinzia kitini, paja la kuku liko zima kwenye sahani yake. Safari hii nimefikiri vizuri: kidonge kimoja kwa kila tonge. Suruali nitaipunguza kesho, kitambaa chenyewe kibovu.