Viatu vya Siepko na Redio ya Wagonjwa

Katika nchi yote tambarare iliyo kati ya mji wa Groningen na ukuta wa bahari, hapakuwa na miguu iliyovishwa kwa heshima kama miguu ya Siepko Dijkhuis. Wapo wafalme waliozikwa na viatu duni kuliko vile.

Vilikuwa vyeusi, vyembamba, soli zake za ngozi laini kama shavu la mtoto mchanga, visigino vimepimwa ili viteleze juu ya vibao vya miguu vya kinanda cha kanisa bila kutoa mlio wowote. Aliyevishona alikuwa fundi wa Ujerumani ambaye, kwa maelezo ya Siepko, hakumshonea kila mtu. Siepko hakuwahi kuvikanyagia ardhi. Alivibeba kwenye mfuko wa mahameli, kifuani, kama mtu apelekaye taji kwenye sherehe ya kutawazwa, na mwenye kutawazwa ni yeye.

Kazi yake ilikuwa kuuza vigae vya bafuni. Kinanda alijifunza ukubwani, na kwa kuwa vidole vilichelewa, aliwahisha vifaa. Alikuwa na taa ya kumulika nota isiyochosha jicho. Alikuwa na kioo cha kumwona mchungaji aliye mimbarini bila kugeuza shingo. Alikuwa na glavu zisizo na ncha za vidole kwa ajili ya baridi ya kanisa, na mto wa benchi uliojazwa kitu ambacho aliapa ni manyoya ya farasi. Watu wa kijiji cha Wierhuizum walisema kinanda cha Siepko kimekamilika, kimebakiza mpigaji tu.

Kila Jumapili baada ya ibada, kahawa ilipomiminwa kwenye ukumbi wa nyuma, Siepko alimbana mtu pembeni na kumfundisha. Mara nyingi aliyebanwa alikuwa Roelf Kruizenga, daktari wa ng'ombe mstaafu, ambaye naye alipiga kinanda kidogo, akiwa amevaa soksi za sufu alizojifumia mwenyewe. Siepko alimweleza kwamba soksi ni za kulalia. Akamweleza kwamba mpigaji wa kweli hasikilizi kwa masikio yake mwenyewe, maana pale kwenye benchi mabomba yanayotoa sauti ya kinanda yanamdanganya. Husikiliza kwa masikio ya aliyeketi mbali.

"Wewe ukipiga, unajua unasikikaje huko chini?" aliuliza.

"Ng'ombe hawakuwahi kulalamika," Roelf akajibu, akachovya keki yake ya tangawizi kwenye kahawa.

Nyumbani kwa Siepko, sebule nzima ilimezwa na kinanda cha umeme chenye safu mbili za vibonyezo na vibao vya miguu kamili. Alikipiga akiwa amevaa hedifoni kubwa zilizomfunika nusu ya kichwa, ili asimsumbue mkewe Fenna. Humo ndani ya hedifoni palikuwa na kanisa kuu zima, lenye mwangwi na kuba, na Siepko katikati yake akinguruma.

Nje ya hedifoni alikuwapo Fenna. Yeye hakusikia kinanda hata kidogo. Alichosikia ni mdomo wa mumewe. Miaka ya kuziba masikio ilikuwa imeufundisha mdomo ule kwamba uko peke yake duniani: uliimba, ulihesabu, ulijipongeza, uligombana na watu ambao hawakuwapo.

Siku moja Fenna alimfunua sikio moja.

"Baba, unajua kwamba unaimba?"

"Mimi siimbi. Napiga."

"Unaimba kama ndama aliyetumbukia mferejini. Na unamsema mzee Harmannus wa baraza la kanisa. Leo umemwita gunia la viazi lenye miwani."

Siepko akatabasamu kwa huruma, kama mtaalamu anavyomtabasamia asiye mtaalamu. Alimwambia kwamba yeye hujirekodi kila wiki na kujisikiliza kwa makini, na hajawahi kusikia ndama. Fenna akamkumbusha kwamba hurekodi kwa waya unaotoka tumboni mwa kinanda, na mdomo wake haukuunganishwa kwenye waya huo. Aweke maikrofoni sebuleni, hapo juu ya kabati, halafu asikilize. Siepko akasema kuna mambo ya kitaalamu ambayo ni vigumu kuyaeleza, akajifunika sikio.

Basi, kipupwe kilipoanza, Bi Aaltje Tonkens, aliyekipiga kinanda cha Wierhuizum tangu wengi wa wazee wa kanisa walipokuwa kwenye nepi, alimkwepa bata bukini barabarani, akaanguka na baiskeli, akavunjika nyonga. Daktari alimwambia ngazi za roshani ya kinanda asahau. Kinanda kile kilichongwa kabla ya babu wa babu wa mtu yeyote kijijini, watu husafiri kutoka mbali kuja kukisikia, na ufunguo wa roshani yake ulikuwa mmoja tu. Sasa ufunguo ulitafuta mfuko.

Siepko hakulala vizuri tangu hapo. Ufunguo ule aliutaka kuliko alivyowahi kutaka kitu kingine, na Fenna alipouliza kama hata yeye amo kwenye hesabu hiyo, Siepko alichelewa kujibu.

Baraza la wazee liliamua hivi: Roelf apige Jumapili moja, Siepko apige inayofuata, kisha Bi Tonkens aamue. Atasikilizia nyumbani, kitandani, kwenye redio ya wagonjwa.

Redio ya wagonjwa kila mtu Wierhuizum anaijua. Ni kisanduku kinachowekwa kando ya kitanda cha mtu asiyeweza kufika kanisani, na ibada humfikia humo palepale inapofanyika. Maikrofoni moja iko mimbarini. Nyingine imening'inizwa darini kwa ajili ya kinanda, juu sana, na buibui wamekuwa wakiishi humo kwa amani.

Roelf alipiga Jumapili yake kwa soksi. Hakukosea sana, hakung'aa sana, watu waliimba wakaenda kunywa supu.

Siepko hakucheka. Yeye alifanya utafiti. Alikwenda kumwona shangazi yake aliyekuwa na kisanduku hicho, akasikiliza marudio ya ibada, akatoka amekunja uso. Kinanda humo kilisikika kama kimetiwa ndani ya ndoo na ndoo imefunikwa blanketi. Hapo ndipo akili yake ilipowaka. Roelf amepigia watu waliokuwa kanisani, na waliokuwa kanisani hawana kura! Msikilizaji ni mmoja, yuko kitandani, na hasikii kanisa bali kisanduku.

Siku moja kabla ya zamu yake aliazima ufunguo ili kufanya mazoezi, akapanda roshani na maikrofoni yake mwenyewe, ndogo, ya kisasa, kali kiasi cha kusikia nzi akijikuna. Akachomoa waya wa ile ya buibui, akachomeka wa yake, akaibana kwenye kibao cha nota, mbele ya pua yake, mahali ambapo mabomba yote yanasikika kwa usawa. Alitazama kazi yake, akaona ni nzuri.

Jumapili asubuhi alivua viatu vya kawaida chini ya ngazi, akapanda na soksi, akavaa vile vya kwenye mfuko wa mahameli huko juu. Taa ikawaka. Kioo kikamwonyesha vichwa vya watu vikiwa vidogo kama vibonyezo.

Na kusema kweli, alipiga vizuri. Hakuna aliyetarajia, hata Fenna aliyekaa chini akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili. Ile Zaburi ya kwanza ilitoka pana na safi, miguu ikiteleza kimyakimya juu ya vibao, na kanisa likaimba kwa sauti ambayo halikuwa nayo tangu Pasaka. Chini ya ngurumo hiyo, pale mbele ya pua yake, mdomo wa Siepko nao ulikuwa kazini. Uliimba nusu sauti chini ya kinanda tangu mwanzo wa ubeti hadi mwisho. "Polepole, mpenzi," uliuambia mguu wa kushoto. "Hapo sasa. Mtoto mzuri."

Sadaka ilipokusanywa alipiga wimbo laini, akamtazama kiooni mzee Harmannus Wiersema, mkulima wa viazi na mkuu wa baraza, akipita safu kwa safu na mfuko wenye mpini mrefu. Mdomo ukasema lililo moyoni.

Mahubiri yalipoanza, watu walipitishiana peremende kama kawaida. Siepko huko juu alifungua mkate wake wa soseji ya ini, karatasi ikilia, akatafuna bila haraka na kumjibu mchungaji hoja kwa hoja. Kwa sauti ya chini sana, bila shaka. Hata aliyeketi karibu na ngazi hakusikia kitu.

Baada ya ibada ukumbi wa kahawa ulimpokea kama mshindi. Roelf mwenyewe alikuja kumpa mkono na kumwambia kwamba leo amemfunga mdomo. Mzee Harmannus alimpigapiga begani, akasema hajasikia Zaburi ile ikiimbwa hivyo kwa muda mrefu. Siepko akashika kikombe kwa vidole viwili na kuanza kuwaeleza waliomzunguka siri ya kusikiliza kwa masikio ya aliye mbali.

Ndipo simu zikaanza kulia. Moja kwenye mkoba karibu na dirisha, nyingine kwenye koti, kisha tatu kwa pamoja. Kila aliyepokea alisikiliza, akamtazama Siepko, kisha akatazama pembeni huku mabega yakimtikisika. Mzee Harmannus alipokea yake akiwa bado ana tabasamu. Lilimtoka polepole, kama maji yanavyotoka kwenye shamba lenye mfereji mbovu.

"Siepko," alisema akifunika simu kwa kiganja. "Mke wangu ana mafua, yuko kitandani. Anauliza ni nani aliyesema kwamba nikikusanya sadaka natembea kama mtu anayevua mikunga kwenye tope."

Siepko akatua kikombe mezani.

"Anataka kujua kwa sababu anasema ni kweli."

Jioni Siepko na Fenna walikwenda kwa Bi Tonkens kupokea hukumu. Bibi alikuwa amelala karibu na dirisha, mito mgongoni, kisanduku kando yake, macho yamemvimba. Siepko alidhani amelia kwa ajili ya muziki.

"Keti, mwanangu," alisema. "Nyonga inaniuma kwa kucheka, kwa hiyo nitasema machache. Kwanza sikiliza."

Akabonyeza marudio.

Kinanda kilitoka kwenye kisanduku kikiwa kizuri ajabu. Ndoo haikuwapo, blanketi halikuwapo. Siepko akajinyoosha kitini. Kisha, juu ya kinanda, karibu kabisa, kama mtu aliyeingiza kichwa ndani ya kisanduku, ndama akatumbukia mferejini.

Aliimba Zaburi nzima. Akaubembeleza mguu wa kushoto. Akavua mikunga pamoja na mzee Harmannus. Mchungaji aliposema kwamba sote tutatoa hesabu ya kila neno, sauti yenye mkate mdomoni ikajibu, "Wewe utaanza, maana unayo mengi." Na kwenye ubeti wa mwisho, mabomba yote yakinguruma, sauti hiyohiyo ikapanda juu yake kwa furaha: "Umesikia hiyo, Tonkens? Hivyo ndivyo kinavyopigwa! Siyo kuparura kama kuku!"

Bi Tonkens akazima. Fenna alikuwa amejifunika uso na mkoba.

"Sikujua kwamba ninaimba," Siepko alisema mwishowe.

"Mimi nilikwambia," Fenna akasema nyuma ya mkoba.

Bi Tonkens alijifuta macho. Alimwambia kwamba kwa vidole amempita Roelf, hilo halina ubishi, na kama angesikia vidole peke yake ufunguo ungekuwa wake. Lakini benchi lile liko mbele za watu hata kama hawamwoni anayelikalia, na Harmannus ameshasema kwamba ama Siepko ama yeye. Ufunguo ameupata Roelf.

Siepko aliinamisha kichwa. Mfuko wa mahameli ulikuwa mapajani mwake. Alikuwa amekuja nao endapo ingebidi aapishwe.

"Kuna jambo jingine," bibi aliendelea. "Wagonjwa wote wamenipigia. Mke wa Harmannus ameinuka akaketi kitandani kwa mara ya kwanza wiki hii. Shangazi yako amekunywa supu. Wanakuomba urudi roshani."

Siepko akainua uso. "Kupiga?"

"Kupiga atapiga Roelf. Wewe utakaa tu karibu na ile maikrofoni yako."

Siepko alitafuta kitu chochote cha kushikilia katika mabaki ya heshima yake, na mkono wake ukaangukia juu ya mahameli.

"Na viatu?" aliuliza. "Viatu umevionaje, Bi Tonkens?"

"Viatu ni bora kabisa," bibi akasema. "Katika vyote vilivyokuwa kule juu leo, ni hivyo peke yake vilivyonyamaza."