Posa ya Mizabibu Miwili

Jumatatu, 4 Machi
Umaskini kwaheri! Leo kwa kinyozi nimesoma gazeti kuukuu lisilo na jalada. Habari za zabibu nyekundu iitwayo Cabernet Sauvignon, ambayo mvinyo wake wanywaji wanaulilia karibu dunia nzima. Kumbe hakuna aliyeibuni! Zamani huko Ufaransa mzabibu mwekundu na mzabibu mweupe iliota jirani, ikapendana yenyewe bila mshenga. Wazazi wake hawakujulikana mpaka wataalamu walipopima vinasaba, juzijuzi tu, miaka ya tisini. Sasa, mimi ninao mzabibu mweupe kwenye ndoo. Jirani yangu, mwanamke fundi cherehani, anao mwekundu uani. Yote miwili imechanua wiki hii. Zabibu mpya itaitwa jina langu! Nimeuchana ukurasa nikautia mfukoni. Kinyozi kaniona. Upande wa kushoto kanikata vibaya.

Jumanne, 5 Machi
Nimepeleka ndoo kwa fundi. Siri sikuitoa, nimesema tu mmea wangu unahitaji jua. Amecheka, akauliza kama ni mmea peke yake unaohitaji jua. Nikamtoa wasiwasi: mimi jua linanitosha. Akanikaribisha chai. Nimekataa kwa heshima zote, nilikuwa kazini. Nimeizungushia mizabibu pazia ili ijisikie huru. Dada yangu, ambaye naishi kwake, amerudi akakuta sebule yake haina pazia. Maneno aliyosema siyaandiki.

Jumatano, 6 Machi
Fundi ametoka na gauni jipya la zambarau, akaniuliza linamkaaje. Nimemsifu kutoka moyoni, kwa maneno ya ule ukurasa: rangi ya Cabernet iliyoiva, ganda nene lisilotishwa na mvua, ukali kidogo mwanzoni, ila miaka ikipita unalainika. Amenuna! Wanawake na sayansi, basi tena.
Kinyozi naye kaja na suruali ya kupunguzwa. Ya tatu wiki hii. Mtu mmoja, miguu miwili, suruali zote hizo za nini? Anapeleleza.

Alhamisi, 7 Machi
Upepo umeng'oa pazia. Nimeamua kuisaidia mizabibu kwa mkono: nahamisha chavua kwa brashi niliyoichukua kwa kinyozi alipogeuka. Sikujua ina sabuni. Maua yamejaa povu. Mvua ikaanza. Fundi akaja na mwavuli, akasimama karibu nami kabisa, akasema kwa sauti ya chini kwamba nyumba yake ni kubwa mno kwa mtu mmoja, mwaka wa sita sasa. Nikamuuliza kama basi kuna nafasi ya ndoo ya pili. Akaingia ndani. Na mwavuli wake!

Jumamosi, 9 Machi
Nimemkuta kinyozi ameketi uani, kikombe mkononi, hatua tatu tu kutoka kwenye mizabibu. Nikamwambia nimeshamjua. Akaona haya, akaapa kwamba mzabibu hauna habari naye wala yeye hana habari nao. Mwongo mkubwa. Nimesimama kati yake na ndoo mpaka alipoondoka.
Dada amenishika bega, akanieleza polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga viatu, kwamba yule mwanamke wiki nzima alikuwa ananisubiri mimi. Nimemwambia kilimo hakijui.

Jumapili, 10 Machi
Kinyozi ameposa. Fundi amekubali. Ameniambia mwenyewe, kwa upole, huku akinisaidia kuinua ndoo. Maua yote yamepukutika.
Nimeumia. Siwezi kujidanganya humu. Nimekaa kwenye ngazi ya nyuma nikamkumbuka na lile gauni lake, lilivyomkaa vizuri. Ningeweza kusema hivyo tu: limekukaa vizuri. Maneno mawili!
Dada akaja kuketi nami. Akauliza kama sasa nimeelewa. Nikamwambia nimeelewa kabisa, na machozi yakamtoka kwa furaha.
Nimeelewa kwamba nilichagua ua mbaya, una kivuli na wapita njia wengi. Mtaa wa pili kuna mwalimu mmoja mjane, mzabibu wake mwekundu umefunika ukuta mzima. Wanasema ni mkarimu, mcheshi, na anatamani mtu wa kuzungumza naye. Kesho nakwenda asubuhi. Nitamwomba kwanza kabisa asinisumbue kwa mazungumzo.