Kosaini Yangu ya Sitini

Jumatatu, 4 Machi
Idara ya Hisabati haina mkuu! Mwalimu Mkuu katangaza: anayeutaka ukuu aonyeshe Ijumaa ubunifu wa kompyuta. Tuko wawili: mimi na shemeji, mdogo wa mke wangu, anayefundisha darasa la jirani na kujifanya mjuaji. Mkuu wa idara anapata ofisi yenye dirisha. Meza yangu mimi inatazamana na mlango wa choo. Lazima niupate ukuu huu!

Jumanne, 5 Machi
Nimepata silaha. Lahajedwali, ile programu ya kompyuta yenye safu na mistari, ina fomula, SERIESSUM, ya kujumlisha mfululizo wa vipeo. Unaipa x, kipeo cha kuanzia, hatua, na namba za kuzidishia. Basi, inakokotoa yenyewe. Nikaipa namba nne za kwanza za mfululizo wa kosaini kutoka kitabuni, nikatafuta kosaini ya digrii sitini, ambayo kila mwanafunzi anajua ni nusu. Nikaandika 60. Jibu: hasi milioni sitini na nne! Nimezima kompyuta, nikawasha. Bado.

Jumatano, 6 Machi
Shemeji kachungulia begani kwangu. Akauliza, kwa upole, kama nimegeuza digrii kuwa radiani, eti ndicho kipimo cha pembe ambacho mfululizo huo unakitaka. Upole! Yeye? Mtego huo. Nikamwambia ashughulike na yake. Mke wangu anasema mdogo wake hana nia mbaya. Wamenizunguka mpaka nyumbani.

Alhamisi, 7 Machi
Dawa imepatikana! Namba ya kwanza ya kuzidishia ilikuwa 1. Nimeifuta, nikaweka milioni sitini na nne na ushei, nikaichezea mpaka jibu likatulia: 0.5. Safu ya namba hizo nimeificha. Akili ninazo, basi tu.

Ijumaa, 8 Machi
Nikaonyesha. 0.5! Makofi! Mwalimu Mkuu, kwa furaha, akaomba tujaribu thelathini. Nikasema muda umekwisha. Akasema upo. Nikasema kompyuta imechoka. Akaandika mwenyewe. Milioni sitini na tatu! Akanikumbusha taratibu kwamba kosaini haizidi moja. Nikamjibu hiyo ilikuwa zamani. Shemeji kainama, mabega yanamtikisika. Nimeumia sana.

Jumamosi, 9 Machi
Ofisi ya dirisha kapewa shemeji. Kanitumia jedwali lake nione nilipoteleza: digrii kazigeuza radiani, na eti namba nne za mfululizo hutoa jibu la kukaribia tu. Nikafungua. Jibu la sitini: 0.49996! Nimecheka mpaka mke wangu kaja kuniangalia. Langu lilikuwa 0.5 kamili! Ukuu wamempa aliyekosea! Naandika rufaa kwa bodi ya shule, na jedwali langu naliambatanisha. Safu iliyofichwa naiacha ilivyo, bodi wasije wakachanganyikiwa.