Mkwe Wangu Anyang'anywe Simu au Anyang'anywe Kazi

Kwa Ndugu Mwenyekiti,
Chama cha Wapiga Picha.

Ndugu Mwenyekiti,

Nakusalimu kwa heshima zote na nakupa pole ya kukalia kiti, maana najua kiti nacho kinachosha. Mimi mzima, isipokuwa kiuno, na kiuno changu ni mali ya kamera.

KUHUSU: WAPIGA PICHA WENYE VYETI KUTUMIA SIMU, HASA MKWE WANGU

Unanijua. Kama hunijui basi baba yako ananijua, kwa sababu picha yake ile ya kofia iliyoko sebuleni kwenu niliipiga mimi, na kofia ilikuwa yangu. Ndimi mwenye studio ya pazia la maporomoko ya maji, ubavuni mwa fundi viatu. Nusu ya mji huu imesimama mbele ya maporomoko yangu na hakuna hata mmoja aliyelowa.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Usishangae herufi kuwa kubwa. Kuandika nilijifunza kwa kuchora vibao vya maduka. Shule nilikuwa naipita kwa nje tu nikienda kazini, na sijaona nilichokosa. Binti yangu alitaka kunisaidia nikamkatalia, kwa kuwa yeye ni mke wa mshitakiwa.

Mshitakiwa ni mkwe wangu. Mjini wanamwita Kidole, maana kazi yake yote anaifanya kwa kidole kimoja. Ni mpiga picha wa cheti, na cheti nimekiona, kina muhuri. Ana kamera mbili kubwa, lenzi zake ndefu kama bomba la jiko, na zote mbili zimelala kabatini pamoja na mashuka. Yeye huyo anakwenda kazini na simu. Nilipomuuliza akanijibu kwa adabu, "Baba, zile nazitoa kazi ikiishinda simu." Nikangoja kazi iishinde simu. Mpaka leo nangoja. Sasa nimechoka, na malalamiko yangu ni haya:

1. Simu haina uzito. Mpiga picha wa kweli hujulikana kwa shingo. Mkanda wa kamera umenichimba mtaro hapa nyuma, hata nikivaa kola watu wananiamkia "Shikamoo, fundi" kabla hawajaniona uso. Kidole ana shingo laini kama ya mtoto wa kubebwa. Anaingia kwenye shughuli za watu mikono mitupu, hujui kama amekuja kupiga picha au kula. Na kula anakula! Mimi nilikuwa sili mpaka watu wote waondoke, na sufuria nilizikuta zimeoshwa. Hiyo ndiyo heshima ya kazi.

2. Simu inaita. Hebu fikiri, Mwenyekiti. Familia nzima imepangwa, baba amekaza uso, mama amekaza uso, watoto wamebanwa katikati, mara kamera inaimba. Niliyashuhudia haya. Kidole akasema samahanini, akaipokea, akaanza, "Ndiyo, mama watoto. Mkate. Sawa, mkate. Na sabuni, haya." Watu wakaangua kicheko, na yeye palepale akawapiga wakiwa wamecheka! Eti hiyo ndiyo picha nzuri. Mimi nasema huo ni wizi. Mtu ameandaa sura yake tangu asubuhi, wewe unaiacha unachukua nyingine ambayo mwenyewe hakukukabidhi.

3. Simu haiogopwi. Kwangu mteja akiingia namnyoosha kidevu, namwambia kaza uso, usipumue, halafu naingia chini ya kitambaa cheusi. Mle chini nakaa. Mara nyingine sina kazi yoyote mle, nakaa tu, ili mteja ajue kuna jambo kubwa linafanyika. Karani mmoja wa benki alizimia kwa kubana pumzi, na ile ni miongoni mwa picha bora nilizowahi kupiga, ametulia mno. Kidole anapiga huku anapiga soga. "Dada, hebu geuka. Huyo mtoto anasoma wapi? Ala, kumbe mkubwa!" Mteja anatoka hajui hata kama amepigwa. Sasa atajivunia nini?

4. Mteja anaiona picha papo hapo. Hapa ndipo kazi yetu ilipochimbiwa kaburi. Zamani mteja aliifuata picha baada ya siku nyingi, na wakati huo amekwisha sahau alivyofanana, anapokea anachopewa na kushukuru. Siku hizi wanaizingira simu kama nzi. "Futa hiyo! Hapo nimekuwa shangazi mtupu! Rudia!" Tangu lini mgonjwa akamwambia daktari rudia? Kwangu hakuna aliyewahi kusema futa. Mama mmoja tu alikuja kulalamika kwamba aliye kwenye picha si yeye. Nikamwambia mama, utamzoea. Na amemzoea.

5. Simu inadanganya. Kuna kidude ndani yake kinapangusa mikunjo. Mheshimiwa wetu mmoja, ambaye uso wake ni kama ile barabara aliyotuahidi, ametokea kwenye mabango laini kama yai lililomenywa. Ningempiga mimi ningemwachia mashimo yake yote, wananchi wapate kukumbuka.

Najua wapo watakaosema, mbona na wewe mzee ulikuwa ukichora macho. Nilichora, na sikatai. Mteja akifumba macho nilichukua kalamu ya ncha ya sindano nikamchorea macho juu ya picha, mawili, yenye kulingana. Lakini ile ni sanaa ya mkono. Kuna watu wameajiriwa kwa macho yangu. Kuna waliopata wachumba. Simu inapunguza, mimi nilikuwa naongeza. Anayekupunguzia ni mwizi, anayekuongezea ni mfadhili, hata mtoto analijua hilo.

6. Ugonjwa umeingia mpaka ndani ya Chama. Nasema hili nikikutazama usoni, ingawa ni kwa barua. Siku ya mkutano mkuu ilipofika saa ya picha ya pamoja, wewe ulikaa katikati ukavuta tumbo ndani. Mimi nilikuwa nyuma yako na kamera yangu shingoni nangoja kuitwa. Kidole akachomoa simu mfukoni, simu yenyewe imebandikwa kibandiko cha sungura cha mwanawe, akasema, "Haya wazee wangu, sogeeni kidogo." Na mlisogea! Wapiga picha watupu, watu wenye shingo zao, wanasogezwa na sungura. Mimi sikusogea, ndiyo maana sionekani. Tulipotoka Mweka Hazina akanivuta pembeni akaninong'oneza, "Mzee, hata mimi natumia simu siku hizi, ila sitangazi." Nikamwambia basi mwenzako Kidole ana nafuu, yeye hanong'oni. Kidole asije akaisoma sentensi hiyo.

7. Hili nimeliweka mwisho kwa kuwa ni la ndani, na ndilo lililonishikisha kalamu. Ni la mke wangu.

Sebuleni kwangu kuna picha yake niliyoipiga mwaka tuliooana. Amekaa kwenye kiti cha studio, mkono juu ya meza, mdomo umefungwa, macho wazi. Macho ni yangu, alifumba, nikayachora. Kila mgeni huyasifu. Ukienda jikoni yanakufuata, ukirudi yanarudi nawe. Sina kazi ninayojivunia kuliko hiyo, na nimepiga wakubwa.

Majuzi Kidole alikuja kututembelea na familia yake. Mke wangu alikuwa uani anamenya viazi. Mjukuu wetu, anayejifunza kutembea, akakaa kitako ndani ya beseni la maji, akatulia humo kama bwana mkubwa. Bibi yake akacheka. Kidole alikuwa na simu mkononi, akabonyeza, basi. Hakumnyoosha kidevu. Hakumpangusa jasho. Mwenyekiti, mke wangu ana kisu mkononi! Kitambaa cha kichwa kimeteleza upande, macho yamekwisha yamebaki mistari miwili, na lile pengo la jino la pembeni liko nje lote, pengo ambalo nimelisitiri katika kila picha tangu tuoane, kwa kumwambia funga mdomo.

Kidole akaenda kuisafisha kubwa, akaitia fremu, akamletea mama mkwe wake zawadi. Na sasa mke wangu anataka yangu ishuke na hiyo ipande.

Nilimuuliza ile yangu ina ubaya gani. Akanijibu bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma, "Yule wa ukutani mimi simjui, baba watoto. Ni mwanamke wa studio. Kazi yangu kwake ni kumfuta vumbi." Mabinti zangu wote wakawa upande wa mama yao. Hata fundi viatu, mtu niliyempiga bure akiwa na viatu vipya, aliitazama akasema, "Huyu sasa ndiye mama anayetuletea chai."

Nimetamka wazi kwamba picha ya simu haipandi kwenye ukuta wa mpiga picha mpaka Chama kitoe uamuzi. Mke wangu amesema kama Chama ndicho chenye ukuta, basi Chama kije na kupika. Tangu siku ile tunakula bila kuzungumza. Chakula anapakua kama kawaida, neno hapakui. Nami sishuki, kwa kuwa nikishuka ukutani nimeshuka kila mahali.

Kwa hiyo naomba Chama kipitishe haya, kwa kura au bila kura:

(a) Kila mwanachama anayetumia simu aifungie tofali na kuivaa shingoni, mpaka shingo za wanachama zirudi.

(b) Simu ya kazi ing'olewe kidude cha kuita. Mwenye kutaka kumwagiza mkate mumewe amfuate kwa miguu.

(c) Mpiga picha wa simu ajifunike kitambaa cheusi, hata juani, na akae humo muda wa kuheshimika.

(d) Mteja asioneshwe picha yake mpaka ihakikishwe amekwisha sahau sura yake. Chama kiunde jopo la kuhakikisha.

(e) Kucheka mbele ya mpiga picha aliye kazini kuhesabiwe kosa. Mara ya kwanza aonywe, mara ya pili achorewe mdomo uliofungwa. Kazi hiyo naweza kuifanya mimi, nina kalamu.

(f) Kidole anyang'anywe simu. Akikataa anyang'anywe kazi. Akikosa kazi anirudishie binti yangu. Hilo la mwisho mke wangu amenitaka nilifute, lakini mimi niliyejifunza kuandika kwa rangi ya mafuta sijui kufuta. Lisomwe kwa sauti ndogo.

Mkiniambia dunia imebadilika nitawauliza, dunia ilipobadilika ilipigwa na nani? Usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mimi, na bado sijachanika.

Nisalimie Katibu. Nisalimie Mweka Hazina na mfuko wake unaotetemeka. Nisalimie mkeo, ambaye namkumbuka kwa picha yake ya pasipoti, ndiye mtu pekee mji huu ambaye hakupepesa. Nisalimie sana baba yako na kofia yangu. Wajumbe wote, waliosogea na wasiosogea, wapate salamu, ingawa asiyesogea ni mimi peke yangu.

Ni mimi, mwanachama mwanzilishi, nisiyebembelezeka,

MZEE WA MAPOROMOKO

Baada ya sahihi: Nilikusudia kukutilia ile picha ya kisu humu ndani ya bahasha iwe ushahidi. Niliitoa kwenye fremu mwenyewe, nikakaa nayo dirishani niyaandike makosa yake moja moja. Makosa niliyaona. Halafu nikaona afadhali niiambatanishe na mojawapo ya zangu ambayo mke wangu anacheka, muone jinsi kamera ya kweli inavyoifanya kazi hiyohiyo. Nikafungua makasha yangu yote. Ni mengi, Mwenyekiti, nusu ya mji imo. Yake ya kucheka haimo.

Basi ushahidi siutumi, kwa sababu watu wa posta wanakunja vitu. Nanyi mkiamua kumnyang'anya Kidole simu, mngojeni kwanza apite hapa kwangu mwisho wa wiki. Mke wangu atakuwa uani na shughuli zake, na mimi nitaketi karibu naye. Nimemwomba Kidole asituambie anabonyeza saa ngapi.